Saini ya Tatu

Mabano alikuwa ofisini kwake, nyuma ya bohari ya dawa anakofanya kazi, akibembeleza printa iliyogoma kula karatasi, wakati mlinzi alipompigia simu kumwambia kuna mama getini anayesema ni mama yake. Mama yake mzazi alikwisha tangulia mbele ya haki miaka mingi. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Duniani alibaki mtu mmoja tu mwenye uso wa kujitambulisha hivyo, naye ni mama wa aliyekuwa mumewe.

Jina la Mabano alilipata chuoni, baada ya kutafuta kosa kwenye programu yake wiki nzima, kumbe alisahau tu kufunga mabano. Tangu hapo jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Mumewe naye walimwita Mkurugenzi tangu siku hizo hizo, kwa sababu alikuwa akivaa koti darasani na hali nauli ya kurudi kwao alikopa. Walimwita hivyo kwa kumcheka. Baadaye akafungua kampuni, akawa mkurugenzi wa kweli.

"Talaka ilikuwa yenu wawili," alisema mama mkwe alipokwisha kukaa na kupata pumzi. "Mimi hamkuniuliza, kwa hiyo mimi sijaachika."

Aliuliza hali, akalaumu ngazi, akalaumu magoti, akanywa maji, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Mwanawe alitaka kumwona Mabano. Si kwa lile la kurudiana, akawahi kusema, ingawa lingekuwa lile yeye asingenuna. Ni habari ya kompyuta. Mwanawe ameogopa kupiga simu mwenyewe, amemtuma mama yake kama vile anaposa upya.

"Ameniambia nikwambie ni habari ya leseni," alisema. "Mimi nilidhani ni leseni ya gari."

Mabano alielewa. Kilichokuwa kimebaki kati yake na Mkurugenzi ni kitu kimoja, nacho kilikuwa Ghala.

Ghala waliiandika miaka ya mwanzo ya ndoa, kwenye meza ya chakula iliyowekewa kabari ya gazeti chini ya mguu mmoja. Rafiki yao mmoja aliyesimamia zahanati alikuwa akilalamika kwamba dawa zinaharibika rafuni kwake, na huku zahanati ya jirani wagonjwa wanarudi mikono mitupu. Wakamtengenezea programu ya kufuatilia dawa gani imeingia, ipi imetoka, na boksi lipi litaharibika kwanza. Kisha wakaiweka mtandaoni wazi, na leseni ambayo kwa maneno ya kawaida ilisema hivi: chukua, tumia, badilisha, hata kuuza uza; lakini ukimpa mwingine, mpe na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya, kwa masharti yale yale uliyopewa wewe. Hakuna anayeingia ndani kisha akafunga mlango nyuma yake.

Ghala ikaenea. Ilifika kwenye zahanati, kwenye hospitali, kwenye maduka ya dawa, na katika nchi ambazo wao wenyewe hawajazikanyaga.

Ndoa yao haikuvunjwa na ugomvi. Ilikauka. Waliamka wakizungumza Ghala na wakala wakizungumza Ghala, mpaka jioni moja umeme ukakatika, kompyuta zikazima, wakajikuta wameketi hawana la kuambiana. Mkurugenzi akafungua kampuni ya kuwahudumia wenye kuitumia Ghala. Mabano akakataa kuacha ajira yake bohari. Waliachana kwa adabu, kama wapangaji wanaohama bila kugombana na mwenye nyumba. Vyombo waligawana. Ghala hawakuigawa, na kisheria ikabaki mali ya wote wawili.

Kilichomuuma Mabano kilikuja baadaye. Gazeti liliandika habari ya Mkurugenzi, likamwita mwanzilishi wa Ghala. Mwanzilishi, si waanzilishi. Alingoja asikie mwenzake amelisahihisha. Hakusikia kitu, akaacha kupokea simu za Mkurugenzi.

Walikutana Jumamosi nyumbani kwa mama mkwe. Mama aliwawekea chai, akaenda jikoni, akaacha mlango wazi kusudi. Mkurugenzi alikuwa amenenepa kidogo na ameanza kuvaa miwani ya kusomea. Alieleza jambo lake moja kwa moja, kama mtu aliyelirudia mbele ya kioo.

Kampuni kubwa ya nje imeichukua Ghala. Imeibadilisha rangi na jina, imeiweka kwenye mitambo yake yenyewe, na sasa inaiuzia mahospitali makubwa kwa mwezi. Mahospitali hayo ndiyo yaliyokuwa yakiilisha kampuni yake. Aliwaandikia wakubwa hao kuwakumbusha kwamba leseni inawataka watoe mabadiliko yao. Mawakili wao wakamjibu kwa heshima zote kwamba leseni inasema ukimpa mwingine, na wao hawajampa mtu. Programu iko kwao, watu wanaitumia kwa mbali tu.

"Na hawajavunja hata neno moja," alisema. "Nimeisoma mpaka naiota."

Alichotaka ni leseni mpya. Msimbo ubaki unaonekana, lakini anayetaka kufanya biashara ya huduma aombe ruhusa kwanza. Kwa hilo zilihitajika saini mbili, yake na ya Mabano.

Mabano alisema hapana kabla chai haijapoa. Alisema wapo watu waliojenga kazi zao juu ya Ghala wakiamini neno lao.

"Tuliwaambia ni yao," alisema.

"Tuliwaambia tukiwa hatuna hata friji."

"Sikumbuki kama kulikuwa na sharti la friji."

Mkurugenzi akasema fadhila ya punda ni mateke, na yeye mateke ameyachoka. Mabano akamjibu kwamba ukitoa kitu kisha ukaanza kuchagua wa kukipokea, basi hujatoa, umeazimisha. Wakaendelea hivyo, huyu akirusha na yule akirudisha, mpaka Mkurugenzi aliposema kwamba ni rahisi kuwa mkarimu ukiwa na mshahara wa bohari kila mwisho wa mwezi.

"Na ni rahisi kuwa mwanzilishi ukiwa peke yako," alisema Mabano.

Jikoni sauti ya vyombo ikakoma.

Mkurugenzi alivua miwani. Alisema, taratibu, kwamba mwandishi alimpa majina mawili, na gazeti likakata moja. Mabano akamwambia angeweza kumpigia amweleze. Mkurugenzi akauliza kama angepokea. Mabano alitaka kusema ndiyo, lakini uongo ule ulikuwa mkubwa mno kusemwa mbele ya mlango ulio wazi. Akaaga, akambusu mama mkwe mkono, akaondoka bila kutia saini.

Wiki ile Mkurugenzi aliliweka pendekezo lake kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Ghala, na watu wakashikana mashati. Wapo waliomwita msaliti. Wapo waliojibu kwamba wanaopiga kelele za uhuru ni wale wale ambao hawajawahi kurekebisha hata koma. Bwana mmoja alitoa maelezo marefu yenye vichwa vya habari, akathibitisha kwamba kila mtu amekosea isipokuwa yeye. Mwingine akafukua habari ya talaka, akasema hili si suala la leseni bali la mali ya ndoa, na huyo ndiye aliyejibiwa kuliko wote. Katikati ya moto huo, muuguzi anayesimamia zahanati ndogo aliandika maneno machache: "Tembo piganeni. Mimi nyasi naomba kujua tu kama Jumatatu itafunguka, maana nina watu foleni."

Hakuna aliyemjibu. Mabano alimjibu kwamba itafunguka, kisha akabaki akijiuliza ni kwa mamlaka gani amesema hivyo. Jukwaa lile lilihifadhi pia kumbukumbu ya nani aliandika sehemu ipi ya Ghala na lini. Akaifungua. Miaka mitano ya mwisho ilijaa jina la Mkurugenzi na majina ya vijana wake. Lake lilijitokeza hapa na pale, kama chumvi.

Akaomba ruhusa kazini, akaenda kuiona ofisi ambayo hajawahi kuikanyaga. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, harufu ya rangi ikipanda mpaka juu. Mkurugenzi hakuwepo. Dada mmoja alikuwa kwenye simu, akimwelekeza mtu wa hospitali fulani asiyeiona sehemu ya kubonyeza, na kwa sauti yake alikuwa amemwelekeza mara nyingi bila kuchoka. Alipokata simu na kujua mgeni ni nani, alisimama.

"Ni wewe uliyeandika 'usiguse hapa kama hujala'?" aliuliza.

Mabano alikuwa na tabia ya kuacha maelezo ya aina hiyo ndani ya msimbo kwa watakaokuja nyuma yake. Dada akamwambia kila mfanyakazi mpya huanzia pale, na kweli wakigusa kabla ya kula huharibu. Kisha akamwambia, bila kuulizwa, kwamba meza mbili za ukutani zilikuwa na watu mpaka mwezi uliopita. Wenzake walipunguzwa. Anayefuata labda ni yeye.

Mabano alishuka ngazi. Alikuwa na hoja zake, na bado aliziamini. Lakini sasa aliona pia kwamba saini ile alikuwa ameikalia kama mtu anayekalia kiti cha mwenzake kwa sababu hakusalimiwa. Akampigia simu Mkurugenzi akiwa mlangoni mwa duka la rangi. Atatia saini. Sharti lake ni kwamba zahanati ndogo zisije zikaombwa kitu chochote, leo wala kesho.

Mkurugenzi akasema ahsante.

Mambo yangeishia hapo, kama si wakili. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye ofisi ndogo na feni iliyopiga kelele, na alisema hamwandikii mtu hati ya nyumba kabla hajakagua kiwanja. Akataka kujua kila sehemu ya Ghala iliandikwa na nani. Wale waliokuwa wakituma marekebisho miaka yote hawakuwa na shida, kwa kuwa kila mmoja alikubali tangu awali kuwaachia wenyewe wawili uamuzi. Shida ilitokea kwenye sehemu inayohesabu tarehe za dawa kuharibika. Juu kabisa paliandikwa jina ambalo wakili hakulikuta popote pengine.

Aliwasomea. Wakatazamana.

Mabano ndiye aliyekumbuka kwanza. Mwaka ule wa kwanza tarehe ziliwatoa jasho. Boksi moja limeandikwa siku, mwezi na mwaka; jingine mwezi na mwaka tu; jingine limeandikwa kinyumenyume. Mkurugenzi akaiona mtandaoni programu iliyoandikwa kwa ajili ya chanjo za ng'ombe, nayo ilizimaliza taabu zote hizo. Ilikuwa na leseni ile ile ya kugawana. Wakaichukua kihalali, wakaacha jina la mwenyewe pale pale kama masharti yanavyotaka, kisha wakajenga kila kitu juu yake. Miaka ikapita, wakasahau. Walikuwa wakigombania kuta, kumbe msingi ni wa jirani.

Mkurugenzi aliuliza kama hawawezi kuiandika upya sehemu hiyo. Wakili alisema inawezekana, ila iandikwe na mtu ambaye hajawahi kuisoma ya zamani, maana aliyeisoma ataitoa ile ile akiwa ameivika nguo mpya. Kwenye kampuni nzima hapakuwa na mtu ambaye hajaisoma. Mabano alisema kwa nini wasimwombe mwenyewe.

Walimpata baada ya barua pepe kadhaa. Alikuwa daktari wa mifugo katika nchi nyingine, mwanamke, na bado anafanya kazi. Walimpigia simu wakiwa kwa wakili, simu ikawekwa mezani kwenye spika. Nyuma ya sauti yake ng'ombe walisikika. Alikuwa ameisahau programu yake, na aliposikia kwamba inahesabu dawa za binadamu akauliza kama wana hakika. Akauliza habari za kampuni kubwa, za zahanati, za kampuni ya Mkurugenzi. Kisha akauliza:

"Na nyinyi ni nani kwa nani?"

Mabano alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akaitazama feni. Wakili akasema ni washirika.

"Sawa, washirika," alisema daktari. "Mimi nilipoandika ile kazi, nilianzia kwenye kazi ya mtu mwingine, naye aliitoa kwa masharti hayo hayo. Simjui yuko wapi nimwombe ruhusa. Nilichopokea kikiwa wazi sitakifunga."

Mkurugenzi alimsihi kwa adabu, kisha adabu ikaanza kupungua. Alisema wakubwa wanakula jasho la watu. Daktari akamwambia hao wakubwa hata yeye hawapendi. "Lakini ukifunga mlango kwa ajili yao," alisema, "na mimi nitakuwa nje." Akaomba radhi, kuna ng'ombe anamngoja na ng'ombe hajui habari za simu. Akakata.

Feni ikaendelea na kelele zake. Mkurugenzi alijiegemeza kwenye kiti, akasema amechoka, na hakusema kwa hasira. Alisema ataendesha kampuni mpaka mwisho wa mwaka, kisha atafunga, aombe ajira kama watu wengine. Mabano hakuwa amewahi kumsikia akisema hivyo, hata siku ya talaka.

Akamgeukia wakili. Tatizo zima, alisema, si lile neno kumpa mwingine? Je, hakuna leseni ya ukoo ule ule inayohesabu kwamba kumwezesha mtu kuitumia programu kwa mbali ni sawa na kumpa?

Wakili alisema ipo, tena si ya leo. Mwenye kuiweka programu kwenye mitambo yake na kuwahudumia watu, analazimika kuwaonyesha msimbo wote pamoja na mabadiliko yake.

Mabano alimtazama Mkurugenzi, akaona kwamba habari hiyo si mpya kwake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuitaja?"

Mkurugenzi alieleza huku akiifuta miwani isiyokuwa na vumbi. Mawakili wa mahospitali makubwa huikimbia leseni hiyo kama ukoma. Na kuna jambo la pili. Sehemu ya ripoti, ile anayowauzia wateja wake, vijana wake waliiandika juu ya Ghala nayo iko kwenye mitambo yake. Hajawahi kumpa mtu msimbo wake. Alikuwa akijificha kwenye tundu lile lile walimojificha wakubwa, ila tundu lake dogo.

"Kwa hiyo na mimi itabidi nifungue," alisema.

"Na wewe itabidi ufungue."

Hakujibu siku ile. Siku kadhaa zikapita. Mama mkwe alipiga simu kusema mwanawe hali chakula, akauliza kama leseni ni ugonjwa. Mabano alimwambia angojee. Alitamani kumpigia Mkurugenzi na kumsukuma, akajizuia, kwa kuwa safari hii kilichokuwa kinatolewa si chake. Asubuhi moja akiwa kazini ujumbe ukaingia: "Sawa. Nafungua."

Daktari wa mifugo alitia saini siku iliyofuata. Alisema anakubali kwa sababu mlango haufungwi, unaongezwa upana, na hilo hata yule aliyemtangulia asingelikataa.

Kwenye jukwaa, waliomwita Mkurugenzi msaliti sasa walimwita mwenye msimamo mkali. Kampuni kubwa haikutoa msimbo wowote. Toleo la zamani walilokuwa nalo hakuna wa kuwanyang'anya, wakaendelea nalo kwa muda, lakini kila marekebisho mapya yalipotoka hawakuweza kuyagusa bila kuonyesha yao. Mwishowe wakaitupa Ghala, wakaandika programu yao wenyewe. Hospitali nyingine zikabaki nao. Nyingine zikarudi kwa Mkurugenzi, kwa sababu programu ile mpya ikiona boksi lililoandikwa mwezi bila siku ilikuwa ikihesabu dawa imeharibika tangu tarehe moja, na watu wakawa wanatupa dawa nzima. Wateja wawili wakubwa walimwacha kwa kuiogopa leseni. Sehemu ya ripoti ilichukuliwa na kila mtu, ikaboreshwa na watu asiowajua, naye akaulalamikia uboreshaji huo na kuutumia. Kampuni haikutajirika. Haikufa pia. Kwenye zile meza mbili za ukutani, moja ikapata mtu.

Mabano alianza kwenda kule juu ya duka la rangi siku za Jumamosi, kuangalia sehemu zake. Mama mkwe akawatangazia majirani anachopenda kutangaza, na Mabano akachoka kukanusha.

Ilikuwa Jumamosi mojawapo, wakiwa wawili mbele ya kioo kimoja wakitafuta kwa nini jumla ya stoo moja inatoka hasi, Mkurugenzi aliposema, macho yakiwa bado kwenye kompyuta, kwamba kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kwamba yeye amekwenda kwao mwalimu huyo kujitambulisha kama mchumba. Alitaka Mabano alisikie kwake kwanza, si kwa watu.

Mabano aliuliza mwalimu anafundisha darasa la ngapi. La kwanza, akajibiwa. Akasema basi ni mvumilivu. Wakaipata ile hasi, ilikuwa mtu ameandika idadi iliyotoka mahali pa iliyoingia, wakaiwekea onyo ili isirudie. Alipokuwa anafunga mkoba wake alimwambia hongera. Neno lilimtoka kavu kidogo. Lakini alipofika chini barabarani na kusimama kungoja gari, alijisikiliza, akaona kwamba analimaanisha.